Mama Aliyeliona Goti Langu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, huku Kibondo, miaka ya sabini. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mimi hasira haijanitoka.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Busunzu. Siku moja nimebeba kuni, nikateleza, goti la kulia likajipinda, nikasikia kitu kinaalika ndani. Tangu hapo nikichuchumaa linakwama, halinyooki. Mwenyekiti wa kijiji akasema nakwepa shamba la pamoja. Nikapanda lori mpaka hospitali Kasulu, nikapigwa eksirei. Mganga akaiinua picha dirishani, akasema mfupa ni mzima, ninachoumwa ni uvivu. Alisema hayo mbele ya benchi zima la wagonjwa.

Wakati wa kurudi, lori likanishusha barabarani, nikachechemea kwenda kijijini. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Kwenye kijito nikamkuta mama amekaa mchangani, amevaa kaniki, mguu wa kushoto kaunyoosha. Nikamwamkia kikwetu, "Mwidiwe, mama." Akanishika goti. Niamini, mkono ule ulikuwa wa baridi kuliko maji.

"Mfupa ni mzima," akasema, nami sijamweleza lolote. "Kilichochanika ni kile kigumu cha katikati. Kipande kimejikunja, kinabanwa. Mimi nililimishwa nacho mpaka nikafa."

Niliinama kuokota kanga iliyonidondoka. Kuinua macho, hayupo. Mchanga alipokaa ulikuwa laini, hauna alama yoyote. Ningekimbiaje na goti lile? Nilijikokota huku nalia.

Nikamweleza mwenyekiti. Hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu, yule mama alinyoosha mguu gani. Nikamwambia wa kushoto. Akasema, "Kesho uwe shambani na jembe lako."

Alimjua! Alimjua, na bado akanilimisha.

Nililima na goti lile miaka na miaka. Uzeeni mwanangu akanipeleka Dar es Salaam, nikaingizwa kwenye kile kipimo cha sumaku, MRI, kinachogonga kama watu wanaezeka bati. Daktari, binti mdogo tu, akanionyesha kwenye picha: gegedu limechanika, kipande kimejikunja katikati, na mifupa imeshasagana. Akauliza kwa upole mbona nimechelewa hivyo. Wewe ungemjibu nini?

Sasa natembea kwa mkongojo, na kijito kile sikivuki tena. Nawe uliyepewa cheo juu ya watu, nisikilize. Mtu akikwambia anaumwa, usimpe jembe kwa sababu picha haikuonyesha kitu. Atakufa, kisha atakaa njiani mchana kweupe, na atamweleza kila apitaye ulichomfanyia.