Mkato Kati ya Jina Langu na la Baba

Nilijifunza kuandika marejeo kutoka kwenye karatasi za kufungia sukari. Nasema wazi, maana watu wakiona ninavyojua kupanga jina la mwandishi, la kitabu, la mji kilikochapwa na mwaka, hudhani nilikaa mbele ya mwalimu. Sikukaa. Baada ya vita karatasi ilikuwa adimu, na mwenye duka wetu pale Changamwe alinunua majarida ya zamani kwa uzito, akayachana kurasa, akafungia sukari, chumvi na bizari. Mama akishamimina sukari koponi, mimi nilichukua karatasi nikainyoosha juu ya goti. Kurasa nilizozipenda zilikuwa zile za mwisho wa makala, ambapo mwandishi hutaja vitabu na majarida aliyoyatumia, yamepangwa kwa herufi, kila kitu mahali pake.

Nilizipenda kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikiandika barua na nukta ikakaa vibaya, naianza upya. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Kwenye zile kurasa niliona watu kama mimi, wasiopumzika mpaka nukta ikae. Nikagundua peke yangu kwamba jina la kitabu hupigiwa mstari, lakini jina la makala halipigiwi. Mstari unakwenda chini ya jina la jarida lililoichapa. Siku nilipolielewa hilo nilimkimbilia mama jikoni nikamweleza lote.

Akaniangalia. "Na sukari yenyewe ikiisha," akasema, "utaipigia mstari wapi?"

Niligundua pia kwamba jina la mwandishi hupinduliwa. La mwisho huwekwa mbele, kisha mkato, kisha la kwanza. Nililipokea hilo kama mengine yote, bila kuuliza. Nilipokuwa najizoeza niliwapindua wote niliowasoma, nikaona raha. Sikuwaza kwamba iko siku nami nitapinduliwa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hasira yangu haieleweki. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, kisha linafuata jina la baba. Kwa hiyo mimi naanza na jina la babu, namalizia na la baba. Baba yangu naye anaanza na lake, anamalizia na la babu. Majina ni yale yale mawili; kinachotutenga ni lipi limetangulia. Ukilipindua jina langu umeandika la baba, na mtu yeyote wa kwetu atakayelisoma atamwona baba amesimama mbele yake.

Wakati huo nilikuwa karani mdogo bandarini, na nilitaka jambo moja tu duniani: kwenda kusomea ualimu. Madarasa niliyosoma hayakutosha. Kanisa letu lilikuwa na nafasi ya kumpeleka kijana mmoja, na kasisi alisema asiye na cheti anaweza kufikiriwa akionyesha kazi ya maandishi aliyoifanya mwenyewe.

Kazi nilikuwa nayo. Kila Jumapili baada ya ibada nilitembea kwenye visima vya Changamwe, vile vya chini karibu na mikoko na vile vya juu kilimani, nikaonja maji yake bahari ilipojaa na ilipokupwa. Vingine vinageuka chumvi siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, na kina mama wanajua kipi cha kukiacha na mpaka lini. Niliandika hayo yote, nikataja kila kitabu nilichokiazima, marejeo yakanyooka. Niliandikia mezani, baba akiwa upande wa pili na Biblia yake, kidole kikifuata mstari. Huniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Wewe baba," aliniambia, "visima vyako ni vizuri, lakini mafuta ya taa hayachotwi kisimani."

Makala ilikubaliwa na jarida moja la mbali. Mhariri aliandika kwamba imechapwa na kwamba nitaletewa nakala. Sikuletewa. Niliandika tena, sikujibiwa. Mpaka leo sijaiona makala yangu kwa macho yangu, na nikikumbuka hilo chai inanikataa.

Kisha mtaalamu mmoja wa maji, ambaye sijawahi kuonana naye, akaandika makala yake katika jarida jingine, akatumia visima vyangu, na mwishoni akanitaja. Jarida hilo lilimfikia kasisi. Akamwonyesha katekista wetu, mtu wa kwetu kabisa, aliyenifundisha kusoma herufi na anayejua ukoo wa kila nyumba. Katekista akasoma orodha ya mwisho. Mkato hakuujali. Akaona jina la baba, likifuatwa na la babu, na kando yake habari za visima vya Changamwe.

Jumapili ile, nje ya kanisa, alimshika baba mkono mbele ya watu. "Mzee, tumeliona jina lako kitabuni. Hongera sana!"

Baba hakujua anapongezwa kwa nini. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na akipongezwa ana jibu lake la siku zote. Akasema, "Mungu ni mwema."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonimaliza.

Nilipoitwa mbele ya kamati nilivaa shati jeupe nililolipiga pasi mpaka ukosi ukasimama wenyewe. Ndani nilimkuta kasisi, katekista na wazee wawili wa kanisa. Nikaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia. Kasisi akaliweka jarida mezani, wazi ukurasa wa mwisho, akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiisema. Niliinama nikasoma, na kwanza moyo wangu ulifurahi, kwa sababu mstari ulikuwa chini ya jina la jarida, mahali hasa panapostahili. Ndipo nikaona jina.

"Ndiyo, kasisi. Ni mimi huyo."

Katekista akacheka kidogo. "Wewe huyo? Mwanangu, hili ni jina la baba yako. Nimemjua kabla hujazaliwa."

"Limepinduliwa, mwalimu. Ndiyo kanuni. Ule mkato pale katikati ndio unaoonyesha."

"Mkato?" Akavaa miwani, akauinamia kama anatafuta kunguni. "Huu ndio unaomgeuza baba kuwa mwana?"

Wazee wakacheka. Nilieleza. Nilieleza kwa haraka, na nikieleza kwa haraka huwa nashikwa na kigugumizi na jasho linanitoka, na mtu mwenye kigugumizi na jasho huonekana mwongo. Nikasema makala yenyewe, huko ilikochapwa, lazima ina jina langu kama nilivyobatizwa. Kasisi akasema, "Basi tuonyeshe." Sikuwa nayo. Nikawatolea rasimu ya mkono wangu. Katekista akaifunua, akaisifu hati, akasema, "Umenakili vizuri."

Akaongeza kwamba alipompongeza baba, baba mwenyewe alimshukuru Mungu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia baba, na sikumwambia kwa adabu. Alisimama palepale akavaa kanzu yake ya kanisani, tukarudi pamoja. Akasimama mbele yao.

"Mimi sikuandika," alisema. "Kisima nakijua kwa ndoo. Aliyekaa akaandika ni huyu, na mafuta yangu ya taa ndiyo mashahidi."

Nilidhani yamekwisha. Lakini katekista alimtazama kwa huruma, macho yakamlegea, akawageukia wenzake. "Mnaona mzazi? Anamwachia mtoto jina lake ili apate kusoma. Ni upendo mkubwa. Lakini sisi hatuwezi kujengea nafasi ya kanisa juu ya hilo."

Baba angefanya nini? Akikataa, ni mnyenyekevu. Akikubali, ni mwandishi. Nafasi ilikwenda kwa kijana wa Kisauni mwenye cheti, na sina neno naye.

Neno ninalo na wengine. Ninalo na mhariri asiyetuma nakala. Ninalo na mtaalamu aliyekunywa kutoka kisima changu bila kuuliza mwenye jina huitwaje. Ninalo na hiyo kanuni niliyoipenda, inayodhani kwamba kila mtu duniani ana jina la ukoo limening'inia mwishoni kama mkia, la kumshikia. Ninalo na katekista, ambaye angekubali muujiza wowote isipokuwa mkato. Na ninalo na nafsi yangu, niliyewapindua watu wote wale kwa furaha, kwenye karatasi yenye harufu ya bizari.

Njiani siku ile baba alisimama tulipofika dukani. Hapo akaniuliza, "Kwa hiyo mle kitabuni, mimi nimo kweli?"

"Umo, baba. Umenikalia mbele."

Hakucheka.

Baadaye kasisi aliniita faraghani. Alisema nafasi itakuwapo tena, na kwamba nikileta jarida lenye jina langu likisomeka kama watu wa hapa wanavyoniita, atanitetea yeye mwenyewe. Nikaanza visima vya Likoni. Baba alinifuata mara nyingi, kwa sababu kina mama wa kule walizungumza naye upesi kuliko mimi na daftari langu. Makala imekwisha. Katika marejeo yake ilinibidi kuitaja ile ya kwanza, na niliandika jina langu moja kwa moja, la babu kisha la baba, bila mkato, katika orodha ambayo wengine wote wamepinduliwa, maana najua katekista ataanzia hapo kusoma. Chini yake nimeeleza sababu kwa ufupi. Mhariri wa sasa, si yule wa kwanza, aliirudisha na mshale wa kalamu nyekundu unaoonyesha lipi liende mbele.

Nimeinakili upya yote, safi. Kila nukta nimeitazama, kila mstari nimeupima kwa rula, na sehemu nyingine zote nimemtii. Pale penye mshale wake nimeandika vilevile. Nililisoma jina mara tatu, maana sijapata kukosa kwa makusudi, na mhariri anaweza kuikataa makala yote kwa sababu ya hilo, na nafasi ikanipita tena.

Nilipokuwa nafunga bahasha baba alikuwa upande wa pili wa meza na Biblia yake.

"Na humo nimo?"

"Umo, baba. Safari hii uko nyuma yangu."

Akafikiri kidogo, kidole chake kikiwa bado juu ya mstari. "Sawa," akasema. "Nikiwa nyuma nitakuona ukijikwaa."

Nimeipeleka posta asubuhi. Kisha niligeuka njiani nikarudi, nikaitazama tena kupitia tundu la sanduku la barua, kuhakikisha imeingia.