Igoki Awahesabu Watu

Muulize Cucu Ciarunji, bibi mzee wa kijiji cha Kiambere, ana mbuzi wangapi, atakujibu, "Wapo." Muulize ana wajukuu wangapi. "Wapo." Ukizidi kumchokoza atakukazia macho kama mtu aliyekuja kumwibia. Kwa wazee wa Mbeere, kilicho hai hakihesabiwi. Ukikihesabu unakiita kifo kije kuchagua. Jioni mbuzi wakirudi, Cucu alisimama langoni akiwatazama nyuso, kisha akasema, "Yule mwenye sikio lililochanika hayupo. Igoki, mbio!"

Igoki, mjukuu wake, alitimua mbio. Ndivyo alivyolelewa, kwenye jua kali na mashamba ya pojo, macho yakifanya kazi ya hesabu. Na huyo ndiye msichana aliyetaka kuwa nahodha wa yoti, zile boti za kifahari za matajiri! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jirani yao Munyi, mtu wa mzaha, akamwuliza, "Unaenda kuchunga samaki?" Lakini Igoki alishajifunza kuendesha boti ya kuvusha watu pale kwenye bwawa la Kiambere. Alipoteremka Mtwapa, huko pwani, alianza kwa kusugua sitaha, akapanda mpaka akawa msaidizi wa nahodha. Asikudanganye mtu, haikuwa bahati. Wenzake walipokwenda kustarehe, yeye alibaki na vitabu vya injini na hali ya hewa.

Mwaka huu mwenye yoti alisema wazi: nahodha wake mzee anastaafu. Igoki akipata cheti cha nahodha kabla ya msimu wa watalii, usukani ni wake. Asipokipata, ataletwa mtu kutoka ng'ambo.

Basi akaingia kozi. Darasani hakuwa na shida. Shida ilimngoja kwenye mtihani wa vitendo, zoezi la moto. Filimbi ililia, mabaharia wakavaa jaketi za kuokolea maisha na kukusanyika kwenye sitaha ya nyuma. Mtahini, Kapteni Mohamednoor, akauliza kwa redio, "Watu wangapi?"

Igoki akawatazama usoni, mmoja mmoja. "Wapo wote, Kapteni."

"Nimeuliza wangapi."

Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. "Wapo, Kapteni."

Lo! Akaangushwa, na kila kitu kingine alikuwa amekifanya sawasawa.

Mohamednoor akamwita kando. Alikuwa mzaliwa wa Maua, mji wa bara upande wa kwao Igoki, baba yake alikuwa na duka pale sokoni, na mila za upande huu alizijua vizuri. "Dada, wazee wako nawaheshimu," alisema. "Lakini waokoaji wakiniuliza watafute watu wangapi majini, niwaambie 'wapo'?" Igoki aliumia hasa, kwa kuwa yule mtu alisema kweli. Akapewa nafasi moja tu ya kurudia.

Kabla ya kurudia alikwenda nyumbani. Cucu alimsikiliza huku akipeta mtama, wala hakukasirika. "Hatuhesabu kwa sababu hatutaki kuwapoteza," alisema. "Sasa kama huko majini kutohesabu ndiko kupoteza, wewe wahesabu. Ila ukimaliza uwatazame nyuso, kama nilivyokufundisha." Akamtemea mate ya baraka viganjani, akaendelea na mtama wake.

Siku ya marudio filimbi ikalia tena. Safari hii watu walikuja na barakoa za kukinga moshi, huoni ila macho. "Watu wangapi?" Igoki akanyoosha kidole, akawahesabu kwa sauti, akajihesabu na yeye. "Wanane, Kapteni. Tumetimia."

Angeweza kuishia hapo. Lakini macho yake yalishazoea lango la Cucu, yakaendelea kupita kwa kila mmoja. Yule wa mwisho alikuwa na jaketi ya Keinan, kijana wa nanga, ila hakusimama kama Keinan.

"Ngoja, Kapteni! Huyu si wetu. Wetu waliofika hapa ni saba, Keinan bado yuko ndani!"

Wakamvua barakoa. Kumbe ni mpishi wa boti ya jirani! Mtahini mwenyewe ndiye aliyewabadilisha, akamficha Keinan kwenye chumba cha injini. Igoki akatuma wawili wakamtoe. Redioni, Mohamednoor alikuwa akicheka. "Mtego huo umenasa wengi," alisema. "Hongera, nahodha."

Siku ya sherehe Kiambere, Igoki alikuja na sare nyeupe, mistari minne begani, na wanawake wakapiga vigelegele tangu barabarani. Munyi naye, mdomo haumtulii, akamgeukia bibi. "Haya, Cucu, Mbeere yote hii ina manahodha wa yoti wangapi?"

Watu wakaangua kicheko, maana jibu walilijua. Cucu akainuka taratibu, akamshika mjukuu wake bega, akanyoosha kidole juu ili hata waliokaa nyuma waone.

"Mmoja," alisema. "Nimehesabu."