Namba Niliyoisugua

Nyumbani kwetu Kimara, nyuma ya jiko, kuna kibanda cha mabati ambacho mke wangu anakiita mochwari. Humo zinalala pikipiki zangu tatu za zamani, zote nilizinunua zikiwa zimekwisha kukatiwa tamaa. Moja niliikuta kuku wanatagia chini ya tangi. Ufundi sikusomea. Niliishia darasa la saba, nikafanya ulinzi miaka mingi, na haya mambo nimejifunza kwa kufungua kitu, kukichora kwenye daftari kabla sijasahau kilivyokaa, halafu kukifunga tena. Ndiko kuandika kwangu kulikoanzia. Mwanzo ilikuwa michoro tu, maneno yakaja baadaye, na mpaka leo sina hakika kama yana faida kwa mtu mwingine.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye mwenye mshahara wa kueleweka hapa ndani. Ana msemo wake: "Pikipiki nzima inakula petroli. Mbovu inakula watoto." Nilitaka kuandika kwamba nusu ya hayo ni kweli, lakini nisimdhulumu, ni zaidi ya nusu. Spea za pikipiki za umri ule hazipatikani hovyo. Ukizipata, muuzaji anakutazama usoni, anajua huna pa kwenda kwingine, anataja bei yoyote anayoitaka. Usipozipata unamfuata fundi wa kuchonga vyuma, na bushi moja ndogo kama kidole inakutoka kwa bei ya tairi. Mwezi niliponunua kabureta tulikula dagaa mpaka mwezi ukaisha. Hakuna aliyenisema. Sahani iliwekwa tu mezani, nikaelewa.

Mwaka jana ikaja pikipiki ya kwanza ambayo haikuwa yangu.

Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Chanika, nesi mstaafu, amevuka sitini kidogo. Kazi yake aliifanyia mkoani Rukwa, akizunguka vijijini na boksi la chanjo limefungwa kwenye keria ya pikipiki ya ofisi. Ofisi ilipoiuza kwa mnada, akainunua yeye. Alipostaafu akaja nayo huku juu ya lori la mahindi, ikaingizwa stoo, ikakaa humo miaka tisa. Mdogo wake ni jirani yetu, ndiye aliyemwambia habari zangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiyo wewe unayefufua?"

"Najaribu mama. Nyingine zinagoma."

"Afadhali umesema. Waliokutangulia wote waliniambia kesho tu inawaka."

Akafunua turubai. Ilikuwa ile aina ya zamani inayokunywa petroli na oili kwa pamoja, tangi jekundu limechubuka, tairi zimekaa chini kabisa. Akanieleza hali bila kuzunguka. Mwanawe mkubwa, ndiye aliyemjengea nyumba ile, anaitaka stoo kwa chakula cha kuku. Wamekubaliana hivi: pikipiki itengenezwe, ipelekwe kukaguliwa na kusajiliwa upya, maana namba zake bado ni za mtindo wa zamani. Ikipita ukaguzi, inabaki. Ikishindikana, anaitwa mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake.

"Nimempa neno langu," alisema. "Kwa hiyo baba usinifanyie kazi ya kubabaisha. Na kutu sitaki kuiona. Hata chembe."

Hilo la kutu nimeliandika kwa sababu alilisema, wala si kwa kumtupia lawama. Mkono ulikuwa wangu.

Nikaileta Kimara kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikaifanyia kazi wiki tano. Injini niliifungua yote. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda, nikailoweka kwa dizeli siku nne, nikawa naigonga kwa kipande cha mbao asubuhi na jioni, taratibu. Siku ya tano ikasogea unene wa ukucha. Sijui niwaelezeje wasiofanya kazi hii. Kitu kilichokaa miaka tisa bila kutikisika kinasogea unene wa ukucha, na wewe unakaa chini kwenye mchanga unatabasamu peke yako.

Ilipowaka mara ya kwanza, moshi wa bluu ulijaa uwanja mzima na mke wangu akatoka na madaftari ya wanafunzi mkononi.

"Imefufuka?"

"Imefufuka."

"Basi iambie isije kula hapa."

Lakini alisimama akaisikiliza mpaka nilipoizima.

Kosa langu nililifanya katika furaha hiyo. Nilikuwa nimebakiza fremu. Nikaazima grenda, nikafunga brashi ya waya, nikaanza kutoa kutu, na kila nilipopita chuma kiling'aa, nikanogewa. Kwenye shingo ya fremu, pale chini ya usukani, kutu ilikuwa imevimba kama mkate. Brashi ikashindwa. Nikabadilisha, nikafunga jiwe lenyewe la kusagia chuma, nikapita pale mara mbili, tatu, mpaka pakawa laini kama sahani. Nikapiga praima, nikapiga rangi nyekundu mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Sasa, pale kwenye shingo ndipo kiwanda kilipogonga namba ya chesisi. Kila fundi anajua. Hata mimi nilijua. Kutu iliifunika, mie nikawa naiona kutu tu.

Nililitambua siku ya ukaguzi, kule polisi. Mkaguzi alikuwa askari wa makamo, mtaratibu, ana kitambaa na tochi ndogo. Akapanguza shingo, akamulika, akapanguza tena.

"Namba iko wapi?"

"Iko hapo hapo, afande."

"Haya, nisomee."

Nikainama. Akakwangua rangi kidogo kwa ufunguo, zikaonekana namba tatu za mwisho, hafifu, kama zimeandikwa kwa kidole kwenye vumbi. Nyingine hakuna.

"Pikipiki yako nzuri sana," alisema. "Imependeza kama ya wizi."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mimi ningecheka kama ingekuwa ya mwingine. Nataka niseme haki juu ya mtu huyu, maana nilipokuwa natoka nilimwita majina moyoni. Angeweza kuizuia palepale. Badala yake aliangalia namba ya injini, akaona inalingana na kadi ya usajili, akaniambia niende nirudi na maelezo yanayoeleweka, na mwenye kadi aje mwenyewe. Hakuniomba chochote. Alifanya kazi yake.

Nje ya geti kulikuwa na mtu mwenye begi mgongoni. Sijui alisikiaje.

"Braza, namba inakusumbua? Mie nagonga. Dakika kumi, haitofautiani na ya kiwandani."

Sitajificha hapa. Nilimwuliza bei. Akaitaja, na haikuwa kubwa, ilikuwa chini ya bei ya ile kabureta. Nikasimama nimeshika usukani, nafikiria stoo ya Chanika na mizani ya chuma chakavu. Nikampigia mke wangu, nadhani nikitaka aniambie nifanye. Ilikuwa mapumziko, watoto wanapiga kelele nyuma yake.

"Kwenye kadi kuna jina la nani?" aliuliza.

"La mama."

"Sasa wakigundua, mwizi atakuwa nani? Wewe mwenye grenda au yule mama mwenye kadi?"

Nikamtazama yule mtu, tayari anafungua zipu ya begi.

"Nenda Chanika," akasema. "Kengele imelia, mie naingia darasani."

Nikamshukuru yule mtu wa begi, akashangaa kushukuriwa. Pikipiki nikairudisha nyumbani, kesho yake nikaenda Chanika mikono mitupu.

Mama alikuwa anapalilia mihogo. Aliponiona akaegemea jembe.

"Mbona umekuja kwa miguu? Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Mgonjwa anapumua vizuri mama. Tatizo ni langu."

Nikamweleza yote, grenda, jiwe, rangi mikono miwili, namba tatu zilizobaki. Hata yule mtu wa begi nikamtaja, na kwamba niliuliza bei. Alisikiliza bila kunikatiza, kama anavyosikilizwa mtu anayeeleza pale panapouma.

"Yaani," alisema mwishoni, "umemwogesha mgonjwa mpaka ukamfuta jina."

"Ndiyo mama."

"Miaka thelathini na moja nimeosha watu. Hilo mie sijawahi."

Sikujua kama nicheke. Yeye alicheka kidogo, halafu uso ukabadilika, akatoa simu. Alisema mwanawe lazima ajue leo, maana neno ni neno. Akaweka sauti ya nje.

"Mama, si tulikubaliana?" mwanawe alisema. "Imeshindikana basi. Nitamwita yule wa mizani Jumamosi."

"Tulisema ikishindikana. Haijashindikana, imeahirishwa."

"Mama, hayo ni maneno ya wanasiasa."

"Baba yako alikuwa diwani, utanifanyaje?"

Halafu yule bwana akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Mama, mie stoo siyo shida yangu. Barabara ya huku ina malori ya mchanga. Nikilala nakuona uko chini ya lori."

Mpaka siku ile nilikuwa nimemweka mtu huyu kichwani kama adui wa pikipiki. Nilijiona mdogo. Hata mimi, mama yangu angekuwa hai, ningemruhusu apande pikipiki? Mama naye alikuwa anafuta udongo kwenye kucha.

"Barabara kubwa sitaipanda," alisema. "Nakuahidi. Nitaishia kanisani na kule zahanati kwa njia za ndani. Lakini nipe nafasi moja ya kwenda kukaguliwa mwenyewe. Moja tu. Wakikataa, namwita wa mizani mie mwenyewe."

"Moja," alisema mwanawe.

Mama akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Manesi wanatunza karatasi, nimeliona hilo. Kulikuwa na risiti ya mnada, na nyuma yake imebanwa kikaratasi chepesi kama cha kufungia sukari. Siku ya mnada, karani alikuwa ameweka kikaratasi kile juu ya shingo ya fremu akapakapaka penseli, na namba yote ikatokea, nyeupe ndani ya weusi, na mhuri wa ofisi pembeni. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Itatosha?" aliniuliza.

"Sijui mama. Nikisema itatosha nitakuwa kama wale wa kesho tu inawaka."

Tukaenda kwa mwanasheria nikala kiapo kwamba ni mimi niliyesugua. Ada ile tuligawana, nilitaka niilipe yote, mama akakataa akasema aliyeagiza kutu isionekane ni yeye. Tukachukua barua ya serikali ya mtaa. Siku ya kurudi, mkaguzi alikuwa yule yule. Aliweka kikaratasi cha zamani kando ya zile namba tatu, akamulika tochi. Saba ya mwisho ilikuwa na mguu uliopinda. Kwenye karatasi umepinda, kwenye chuma umepinda vilevile.

"Mama, hii pikipiki ni yako tangu lini?"

"Tangu wewe unachanjwa," mama alisema.

Mkaguzi alijitahidi asitabasamu. Akasema vielelezo hivyo vinasaidia, lakini uamuzi si wake peke yake, faili litapanda juu. Tulisubiri wiki tatu na siku mbili. Siku tuliyoitwa, fundi wao alikuja na nyundo na herufi za chuma, akazigonga namba upya moja baada ya nyingine, mama akimsomea kutoka kwenye kadi kwa sauti ile ya kusoma majina ya wagonjwa. Kila nyundo ilipotua, rangi yangu nyekundu iliruka vipande. Haikuniuma.

Hatukuipitisha barabarani. Tuliipakia kirikuu mpaka Chanika, kwa heshima ya ile ahadi. Mwanawe alikuwa anatungoja kwenye geti, mtu mnene wa maneno machache, na mkononi ana helmeti mpya bado iko kwenye nailoni. Mama alivaa suruali chini ya gauni, akapanda. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Ya tatu hivyo hivyo, na mie naanza kuhesabu kila kitu nilichofungua na kufunga.

"Fundi," mama alisema, "petroli umefungulia?"

Koki ya tangi ilikuwa imefungwa. Niliifunga mwenyewe tulipopakia. Mwanawe akanitazama, sikupata pa kuweka uso.

Kiki ya nne ikawaka. Akaondoka kwa gia ya kwanza, mgongo umenyooka, akakata kona ya kanisa, ukabaki moshi tu na ule mlio wa kukereza.

"Sema kweli," mwanawe aliniambia. "Kwa mwaka itakula nini?"

Nilifikiria kumpunguzia. Halafu nikamwambia: oili kila anapojaza, tairi moja au mbili, waya za klachi na breki, plagi, bima, na kitu kimoja kikubwa ambacho hakuna anayekijua mpaka kivunjike. "Itakula," nilisema. "Sitakudanganya."

Alikaa akisikiliza mlio unavyozidi kuwa mdogo kule kwenye minazi, halafu unavyoanza kurudi.

"Bima nitalipa mie," alisema. "Breki ya mbele umeiangalia?"

"Mara mbili."

"Akifika iangalie ya tatu."

Nikachukua spana, nikaenda kusimama getini.