Sahani ya Mama na Kisu cha Daktari

Nilikubali kukatwa tumbo kwa sababu ya jiwe. Kwa mama yangu, kijijini Werugha, juu milimani, gari halifiki mlangoni. Unashuka barabarani, halafu unapanda kinjia kando ya matuta ya kabeji, dakika kumi kwa mtu mzima wa afya. Katikati ya kinjia kuna jiwe. Mwaka jana nilikaa juu ya jiwe hilo karibu saa nzima, magoti yakiwaka moto, pumzi imegoma, na mama akaniletea chai hapo hapo kwa sababu nilishindwa kufika kwake. Yeye ana miaka sabini na mitatu, mimi arobaini na miwili. Alishuka na kikombe kimejaa na hakumwaga hata tone. Niliona haya, haki ya Mungu.

Naitwa Mghoi, mpishi wa harusi na matanga mjini Voi. Kazi yangu ni kupika na kuonja, na nimeonja mpaka nikapata sukari, presha na kukoroma kunakokatika ghafla. Mume wangu Mwadime huamka akahesabu. "Unanyamaza hivi," ananiambia, "nahesabu mpaka kumi na tano, nadhani umeniacha." Daktari wa Voi aliona dawa zimeshindwa. Akaniandikia barua niende Mombasa kwa madaktari wanaopunguza mfuko wa chakula, wanaukata unabaki kama ndizi moja. Pale kwake nilicheka. Nilipofika nyumbani nililia, kwa maana nina mtoto wa darasa la sita na nilikuwa nawaza nani atamlea nikilala kwenye meza ya upasuaji nisiamke.

Wiki mbili kabla ya siku ya kukatwa nilipewa masharti. Nesi wa kule, Bi Zuhura, mwanamke wa pwani asiyepaza sauti, aliniketisha akaniambia: "Mama, ini lako limejaa mafuta na limeulalia mfuko wa chakula. Lisiponywea, daktari hatapaona pa kukata. Kwa hivyo wiki mbili ni vya kunywa tu: supu ya kuchujwa, maziwa yaliyotolewa mafuta. Wali, ugali, chapati, viache." Akaongeza nitembee kila jioni, nipulize puto kila siku ili mapafu yazoee kazi, na nimwandikie kila dawa ninayomeza, hata ya miti shamba. Siku tisa nilishika masharti, na ndani ya hizo tisa nilipika harusi moja ya Kaloleni. Mwadime ndiye aliyeonja badala yangu. Kwake kila kitu kilikuwa kitamu, na pilau ikatoka na chumvi ya kulambisha ng'ombe.

Jumamosi, siku ya kumi, nilipanda Werugha kumuaga mama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Mwenye bodaboda alinitazama juu mpaka chini, akaitazama pikipiki yake. "Mama, wewe ni safari mbili," akasema. Nilimwambia aniheshimu au nimkalie. Tukacheka, lakini pale kinjia kilipoanza akaniacha, na mimi nikapumzika mara tisa. Nilihesabu. Kwenye jiwe nilikaa tena.

Mama alikuwa amepika kimanga, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama, na pembeni maziwa ya mgando ya ng'ombe wake. Sahani ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Mama, nimekatazwa kula."

"Nani amekukataza kula kwangu?"

"Daktari."

"Kwani daktari ndiye amekuzaa? Mtu anayeenda kukatwa anaenda na njaa?"

Nilikula vijiko viwili nikamwambia nimeshiba. Sasa, mjue mama yangu: neno hilo hajawahi kulipokea kutoka kwa mtu yeyote, awe mchungaji, awe mkwe. "Hujashiba, nakujua," akasema, akaongeza upawa mwingine. Nikamtazama. Niliwaza kwamba nikifa kule Mombasa, jambo la mwisho nililomtendea mama yangu litakuwa kukataa chakula chake. Woga huo ndio uliokula. Nilimaliza sahani mbili, na mama akafurahi, akaniwekea mkono kichwani akaniombea.

Jumapili mpaka Jumatano, Voi. Mlango ukishafunguliwa, kuufunga ni kazi. Kwa kuwa nilishakula kwa mama, nilijiambia chapati moja haiui. Kisha viazi karai. Kisha biriani, kwa sababu nilikuwa nayo jikoni na kesho kutwa sitaweza tena. Kila chakula nilikuwa nakiaga kama ndugu anayehama. Mwadime aliniona akanyamaza, nami nilimchukia kwa kunyamaza, ingawa angesema ningemchukia zaidi.

Alhamisi asubuhi tulipanda treni pale steshoni ya Voi. Watu wa behewa letu walikimbilia madirisha kuona ndovu wekundu kwa vumbi. Mimi nilikuwa nimekumbatia mkoba na tumbo langu, nikisikia biriani ya jana ikinishtaki.

"Utanyamaza mpaka Mombasa?" Mwadime akauliza.

"Nasali."

"Basi sali na mimi nimo."

Hospitalini, saa tano. Bi Zuhura alifungua faili. "Umeyafuata masharti niliyokupa, mama?"

"Nimeyafuata."

"Jana ulikula nini?"

"Supu."

Neno hilo lilitoka laini kabisa. Akaniambia nisubiri nje, ataniita kunipima damu. Kwenye benchi nilikaa karibu na mwanamke mwembamba wa kanga, akaniuliza nimetoka wapi. Kumbe ni jirani: Mama Salma, wa Taveta, muuza vitunguu na nyanya kule mpakani, amekuja kuangaliwa mwaka mmoja baada ya upasuaji huo huo. Alinionyesha picha yake ya zamani kwenye simu. Nilidhani ananionyesha mama yake.

"Ulifunga kula zile wiki mbili?" akaniuliza. Sijui aliona nini usoni pangu, kwa sababu hakusubiri jibu. "Mimi sikufunga. Nilisema supu, kumbe jana yake nimekula wali wa nazi. Wakanilaza, wakanitoboa, wakaliona ini lilivyofura, wakatoka wakanishona. Niliamka nina vidonda vitano na tumbo langu lile lile. Nikarudia yote upya. Na nilibahatika, maana wangelazimisha ningevuja damu pale." Akanishika goti. "Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Ingia ukamwambie."

Miguu ilikuwa mizito kuliko kwenye kinjia cha Werugha. Niliingia, nikafunga mlango, nikasema yote: kimanga, chapati, viazi, biriani. Bi Zuhura hakunigombeza. Alinichoma kidole, akaitazama namba ya sukari, akashusha pumzi. "Hata usingesema, damu ingesema. Lakini afadhali umesema wewe. Nenda nyumbani wiki mbili nyingine. Nikikupeleka leo nitakuwa naichezea roho yako."

Ijumaa nilikuwa Voi tena na tumbo langu lote. Wamama wa kanisa, ambao walikuwa wameshaniombea usiku mzima, walinikuta sokoni wakasema, "Wueh! Mungu ni mwema, umepona haraka!" Niliwaambia ukweli. Kisha nikampigia mama, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, kwa sababu nilimpa ukweli bila kuupoza.

"Kwa hivyo chakula changu ndicho kilichoharibu," akasema.

"Si hivyo, mama, ni mimi…"

"Nimesikia." Akakata simu. Wiki mbili hakushika simu zangu. Ndugu yangu wa Werugha alisema mama yuko mzima, analima, haongei. Sasa nilikuwa na hofu mbili: kufa, na kufa mama akiwa amenuna. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Lakini safari hii supu ilikuwa supu. Niliwaambia wateja waziwazi kwamba sionji, nikaajiri mwanamke mwenye ulimi wa kuaminika, na Mwadime akastaafu kuonja.

Safari ya pili namba ya sukari ilikuwa imeshuka na Bi Zuhura aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Walinivalisha soksi za kubana ili damu isigande miguuni. Nilimpa Mwadime simu yangu nikamwambia, nikikawia, mpigie mama mpaka ashike. Baada ya hapo nakumbuka taa, na sauti ya mtu akiniambia nivute pumzi.

Nilipozinduka, bega ndilo lililouma kuliko tumbo, nikadhani nimekatwa mahali pasipofaa. "Ni ile hewa waliyokujaza ndani ili waone," Bi Zuhura akasema. "Dawa yake ni kutembea. Inuka." Jamani! Siku hiyo hiyo! Niliinuka huku natukana moyoni, nikatembea mpaka dirishani, na kweli maumivu yakapungua. Maji nilipewa kwa kikombe cha kupimia dawa ya watoto, tone kwa tone. Mimi, ninayekoroga sufuria za watu mia tatu, nilichukua dakika kumi kumaliza kikombe hicho.

Wiki ya pili baada ya kurudi Voi, jua kali, nilisahau nikapiga funda moja kubwa la maji. Kifua kilibana hadi nikapiga magoti jikoni. Nilijua mishono imepasuka. Nilimpigia Mama Salma, maana namba yake nilikuwa nayo, na akaniuliza maswali kwa utulivu: una homa? Moyo unakwenda mbio? Tumbo limekaza? Hapana, hapana, hapana. "Basi ni funda. Ungekuwa na hayo ningekwambia kimbia hospitali usiningoje. Kuanzia leo unywe kama ndege." Tangu hapo chupa ya maji naitembeza siku nzima, kidogo kidogo, na wakati wa kula siinywi, nasubiri nusu saa.

Mengine niliyafundishwa na mwili wenyewe. Mwezi wa kwanza vya kuchujwa, kisha vya kupondwa, kisha laini. Yai, samaki au pojo, zile choroko, kwanza, wanga baadaye kama nafasi imebaki, na nafasi haibaki. Siku nilipoonja keki ya harusi kijiko kimoja, nilitoka jasho, moyo ukaenda mbio, nikalala kwenye magunia ya mchele mpaka ilipopita. Soda niliiaga. Vidonge vya maumivu vya dukani nilikatazwa, vinachubua mfuko mpya, na vidonge vya vitamini nitameza mpaka naingia kaburini. Dawa za sukari alizipunguza daktari mwenyewe, si mimi kwa kujihisi shujaa. Mwezi wa tatu nywele zilianza kutoka kwa vishungi, nikavaa kitambaa na kungoja, maana Mama Salma alikuwa amenionya. Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba walikata tumbo, hawakukata tamaa. Nimewahi kusimama mbele ya pilau yangu nikalia kama nimefiwa.

Miezi mitatu baada ya upasuaji, nilipanda Werugha. Mama alikuwa amepokea simu siku ile Mwadime alipompigia kutoka hospitali. Alisema "Asante Mungu" na akakata. Tangu hapo tulikuwa tunasalimiana tu, habari ya huko, habari ya mvua, basi. Mwenye bodaboda alikuwa yule yule. "Mama, leo ni safari moja na nusu," akasema. Kwenye kinjia nilipumzika mara nne, na kwenye jiwe nilisimama, sikukaa. Lakini moyo ulikuwa ukidunda vilevile, na safari hii si kwa sababu ya mlima.

Harufu ya kimanga niliisikia kabla sijafika uani. Mungu wangu, nikasema, ndiyo haya. Nilikuwa nimeruhusiwa vyakula vyote, kwa vijiko. Niliogopa upawa. Niliogopa pia kwamba nikikataa upawa, simu haitashikwa tena, na safari hii sitakuwa na hospitali ya kumtisha nayo.

Mama alinitazama kitambaa, mashavu, mikono. Alileta sufuria nzima akaiweka mezani, kisha akaleta kisahani cha kikombe, kitupu, na kijiko cha chai. Akaviweka mbele yangu.

"Pakua mwenyewe," akasema.

Miaka arobaini na miwili, sijawahi kushika upawa wa mama mbele yake. Nilipakua vijiko vitatu, nikavitafuna mpaka vikawa uji, na yeye alikaa akanitazama muda wote huo bila kugusa chake. Kijiko cha tatu kilipoingia nilihisi ule mkazo mdogo chini ya kifua ambao sasa ndio unaoniambia basi. Nikaweka kijiko chini.

"Nimeshiba, mama."

Nikasubiri. Mkono wake ulienda kwenye upawa, nikauona, ukakaa hapo.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Hata siku ile ulisema hivyo," akasema. "Ulisema na mimi nikakupakulia."

Akachukua mfuniko, akaifunika sufuria.