Jumatatu ya Pentekoste

Kila mwaka, Jumanne inayofuata Pentekoste, mzee Sybren Wiarda aliegesha baiskeli yake nje ya ofisi ya mwendesha mashtaka mjini Leeuwarden, akaja moja kwa moja kwenye dirisha la karani Tjitske Bootsma. Wenzake Tjitske wakiiona kofia ya mzee walikumbuka ghafla kwamba wana kazi ghorofani. Mzee aliuliza jambo moja tu: je, sheria imebadilika? Tjitske akajibu bado. Mzee akashukuru, akaondoka. Laiti angekuwa mkorofi.

Mwanawe, Hidde, alipigwa mateke nje ya baa akafa. Nia ya kuua haikuonekana, hivyo sheria ilitoa miaka kumi na miwili ya kumshtaki mhusika. Ilikuwa imebaki miezi miwili pale mwanamke mmoja alipochoka kuficha siri, akamtaja. Ikabaki hati moja tu ya kufikishwa kwa hakimu. Kuhesabu siku ya mwisho ilikuwa kazi ya Tjitske, na siku hiyo iliangukia Jumatatu ya Pentekoste, ambayo huko ni sikukuu.

Kila karani wa nchi ile anajua kwamba muda ukiishia sikukuu, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Tjitske akaandika Jumanne. Alisahau kwamba huruma hiyo ni ya muda wa siku na wiki. Muda wa miaka haumngoji mtu, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Hati ilifika Jumanne asubuhi, imechelewa, na yule mtu akawa huru kama wewe na mimi. Ofisi ikamwandikia mzee mistari minne: kesi imepitwa na muda. Nani aliyehesabu, barua haikusema. Wakubwa waliita huo utaratibu. Mimi nauita woga uliopigwa muhuri.

Tangu hapo Tjitske hakupata amani. Uso wa Hidde, ule wa picha ya jaladani, ulimjia akipiga mswaki, akikunja nguo, akiwa kanisani. Ijumaa moja sokoni alikutana na muuaji akichagua jibini. Mtu yule alimsalimu kwa adabu, maana hakumjua.

Mwaka wa sita mzee alikuja na kipande cha gazeti. Mahali fulani walikuwa wamemkamata kikongwe wa miaka tisini kwa mauaji ya wakati wa vita.

"Huyu mbona hajapitwa na muda?" akauliza.

Tjitske akamweleza polepole. Sheria ya nchi huweka kikomo kwa makosa mengi, lakini yapo ambayo mataifa yamekubaliana kuwa hayana siku ya mwisho: kuangamiza kabila, uhalifu wa kivita, kuwashambulia raia kwa mpango.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaikunja karatasi yake.

"Kwa hiyo, Bibi Bootsma, pale nje ya baa walitakiwa kufa wangapi?"

Tjitske alikuwa na jibu la kitabuni, na lilikuwa jibu sahihi. Alijionea aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Mzee Wiarda, usiulize tena kama sheria imebadilika. Sheria ilikupa nafasi. Ni mimi niliyehesabu vibaya. Hati ilitakiwa ifike kabla Jumatatu haijaisha, nikaandika Jumanne."

"Siku moja?"

"Siku moja."

Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya kaunta. Hakupaza sauti.

"Jumatatu ile nilikuwa nyumbani kutwa nzima, nimekaa karibu na simu, nikijua mnashughulika. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu. Tulikaa bustanini, tukala keki."

"Ilikuwa nzuri?"

Tjitske alitamani kusema hakumbuki. Alikumbuka kila kitu: stroberi za kwanza za mwaka ule, jua mgongoni, jinsi alivyoongezewa kipande cha pili.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa nzuri."