Mama Mkwe na Traki Yake

"Umemtoa mama mkwe wangu kwenye wimbo wake mwenyewe, halafu unaniambia umeusafisha," alisema Hilda. "Kasafishe sufuria. Wimbo niachie na watu wake."

Remigius, mwenye studio pale Njoro, Moshi, alivua spika za masikioni. "Mama Priska, nilikueleza kwenye simu. Bibi alisimama puani pa maiki. Kila akifungua mdomo, sauti inapasuka."

"Ungemwambia arudi nyuma."

"Ungemwambia wewe."

Kweli, nani angemwambia? Bibi Bernadetha ndiye aliyewafundisha akina mama wa Uru wimbo ule, na kwao mkubwa hasimami nyuma ya wadogo, iwe mbele ya altare au mbele ya mashine. Walimweka mbele kabisa, wao wakajipanga nyuma yake kwa umri. Bibi alipotoka kwenda msalani, Remigius akawaomba warudie kidogo, eti majaribio. Hayo majaribio ndiyo aliyotuma.

Na Jumapili ilikuwa sikukuu ya parokia. Wimbo ungepigwa watu wote wakiwepo, bibi amekaa mbele anasubiri kujisikia. Asipojisikia, lawama ni ya Hilda, kiongozi wa kwaya na, mbaya zaidi, mke wa mwanawe.

Hilda anauza ndizi sokoni Moshi miaka yote hii, na hajawahi kuondoka na kitu kibovu alicholipia. Akavuta kiti. "Sitoki hapa. Nionyeshe huo wimbo umekaaje humo ndani."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari miwili imelala, mmoja juu ya mwenzake. Remigius akaeleza kwamba kila mstari ni traki: huu wa kwaya, huu wa kinanda. Unaweza kuipandisha moja sauti, kuishusha au kuinyamazisha kabisa, na jirani yake asiguswe.

"Kama vihamba, kila mtu na shamba lake," alisema Hilda. "Basi mkatie bibi kihamba chake."

"Itabidi aje aimbe peke yake."

"Atakuja."

Asubuhi yake Hilda hakuzunguka maneno. "Shikamoo, Mama. Sauti yako imeshinda mashine. Wanataka uimbe peke yako."

Bibi akaacha uji, akafunga kilemba upya. "Wamechelewa kujua," alisema.

Studio, Remigius alimwamkia, akamvalisha spika juu ya kilemba ili aisikie kwaya anapoimba. Alipofungua mdomo tu, mawimbi ya sauti kwenye kioo yakaruka, yakagonga ukingo, yakawa mekundu. Remigius akanyanyuka kwenda kumsogeza.

"Usimguse," alinong'ona Hilda. "Hicho kitufe cha kupokelea sauti, hakishuki?"

"Kinashuka."

"Sasa unamsogeza bibi wa nini? Shusha kitufe."

Akashusha. Bibi akaimba mpaka mwisho bila kusogeza unyayo, na mawimbi yakabaki ya kijani. Katikati alikohoa, na Hilda akang'ang'ania kukikata kikohozi mwenyewe. Akachagua, akabonyeza. Kikohozi kikaondoka na nusu ya aleluya.

"Tendua," alisema Remigius, akamwonyesha pa kubonyeza. Aleluya ikarudi nzima. Mara ya pili Hilda alikata kwa uchoyo, kama mtu anayegawa nyama, na kikohozi kikatoka peke yake.

"Hifadhi sasa hivi," alisema. "Umeme wa hapa naujua."

Remigius akachanganya traki zote, sauti ya bibi juu, ya akina mama chini yake. Bibi alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho.

"Hao wa nyuma wanaburuta," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nasikika."

"Unasikika, Mama."

Bibi akamgeukia Hilda. "Yule jogoo wangu, aliyeliwa na mbwa wako Krismasi."

"Nitamlipa, Mama. Nilishasema."

"Mwache. Nimesamehe." Akaanza kuvua spika, zikanasa kwenye kilemba, Hilda akainama kumsaidia. "Ila mbwa sijamsamehe."