Neno Barafu Ubaoni

Bosi wetu aliwahi kufanya kazi kwenye milima ya Japani, na hakutuacha tulisahau hilo. Kila asubuhi, kabla ya milango ya jumba la Dubai la kuteleza kwenye theluji kufunguliwa, alitusomea kwenye simu yake habari za miteremko ya kule: theluji mpya imeanguka usiku, laini, mguu unazama hadi gotini. Nami nasikiliza mdomo wazi. Binti wa Mombasa, miaka ishirini na mmoja, nishajiona niko Japani, miwani mikubwa usoni, nateleza!

Kisha ananigeukia: "Yalla, haya, andika."

Tukimaliza kusawazisha theluji kwa reki, mimi ndiye niliyeandika hali ya mteremko kwenye ubao wa mlangoni. Neno lilikuwa moja tu, alilolitaka yeye: laini. Nililiandika hata siku ambazo haikuwa laini. Nje Dubai inachemka, ndani mashine zinapuliza theluji, nani abishe?

Asubuhi moja tulikuta mashine ya baridi ilizimika usiku kisha ikawaka tena. Theluji ilikuwa imeyeyuka, ikaganda upya. Pale kwenye kona ya juu ya mteremko reki yangu ililia kwaa! Mlio ule naujua. Utotoni niliuza barafu za ukwaju alizotengeneza mama, zile za vifuko vya nailoni. Unaigonga kwa kucha: ikilia, imeshika; ikinyamaza, irudishe kwenye friza.

Na saa nne walikuwa wanakuja watoto wa chekechea, mara yao ya kwanza kuteleza.

"Andika laini," akasema bosi.

"Kwenye kona si theluji, sir. Ni barafu."

Akacheka. "Kwenu jua mwaka mzima. Theluji umeijulia wapi wewe?"

"Theluji siijui, sir. Barafu naijua."

Mwenzangu wa reki, kijana wa Uganda, akanivuta mkono. "Dada, andika tu. Unataka ndege ya leo ya kurudishwa kwenu?"

Viza yangu ilikuwa ya kampuni, na ndoto yangu ya Japani ilikuwa mfukoni mwa huyu huyu bwana. Lakini niliviona vile viatu vidogo nilivyokwisha kuvipanga mstarini, viwili viwili, vinangoja. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili cha kwetu: BARAFU.

"Nini hiki? Hakuna atakayeelewa!"

"Basi wataniuliza, sir, nami nitawaambia."

"Khalas! Leo ndiyo mwisho wako. Njoo nikuonyeshe laini."

Akapanda hadi kwenye kona, akakanyaga kwa nguvu. Mguu wa kwanza ulibaki, wa pili ukajiendea zake. Alishuka kwa makalio, taratibu kabisa, mpaka kwenye reki zetu.

"Sir," akauliza Mganda kwa adabu, "na Japani wanashuka hivyo hivyo?"

Bosi alijipangusa suruali muda mrefu. "Fungeni kona," akasema. "Watoto watumie uwanja wa chini."

Mwalimu wao alipofika aliniuliza barafu ni nini. Nilimweleza, ukwaju na yote. Niliendelea kufanya kazi siku nzima nikingoja kufukuzwa, na sikuufuta ubao.

Kesho yake bosi alitusomea tena habari za Japani, kisha akanigeukia bila kunitazama machoni.

"Yalla. Nenda ukagonge kwanza, halafu uandike."